UZI: "Kwani Waogiek ni wangapi?"

1/ Kila mjadala wa Msitu wa Mau ukiwaka, swali hili halikosi: "Kwani hawa Waogiek ni wangapi?" Halafu mwingine anadakia: "Na wa kweli ni wepi?" Linaonekana kama swali la hesabu tu, lakini lina historia ya miaka zaidi ya 90. Vuta kiti, twende polepole.

2/ Mwaka 1932 serikali ya mkoloni iliunda Tume ya Ardhi, ikiongozwa na Jaji Carter. Ripoti ilitoka 1934. Humo Waogiek waliitwa "Dorobo", jina ambalo si lao. Limetoka kwa Kimaasai na linamaanisha watu wasio na ng'ombe, yaani maskini. Hebu fikiria, faili yako serikalini inaandikwa kwa jina la dharau, na wewe hukuulizwa.

3/ Makabila mengine yalikuwa na rizavu zao. Kwa "Dorobo", tume ilipendekeza wahamishiwe rizavu za majirani waliokaribiana nao na wachanganyike huko. Hapa ndipo mambo ya data yanaanza: ukikosa safu yako kwenye jedwali, unakosa pia mpaka wako kwenye ramani.

4/ Uhuru ulikuja, makaratasi yakabaki. Mau ikaendelea kuhesabiwa msitu wa serikali, na waliozaliwa ndani yake wakaitwa wavamizi. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 waondoke. Kesi ikaanzia hapo, hadi ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha.

5/ Sasa sikia hii. Kortini, serikali ilidai Waogiek si kabila la kipekee, ati ni mchanganyiko wa jamii tofauti. Yaani 1934 wanaambiwa wachanganyike, halafu miaka mingi baadaye kuchanganyika kunageuzwa ushahidi kwamba hawapo! Mnamo 26 Mei 2017 mahakama ilikataa hoja hiyo na kuwatambua kama jamii asilia. Mnamo 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhila waliyopitia. Pia wapimiwe ardhi na kupewa hatimiliki.

6/ Turudi kwa hesabu. Sensa ya 2009: Waogiek 78,691. Sensa ya 2019: 52,596. Zaidi ya 26,000 wamepungua kwa miaka 10, na hatujasikia mahali walipohamia. Kumbuka kabila kwenye sensa ni jibu la mdomo. Mtu huyo huyo anaweza kusema Ogiek leo na Kalenjin kesho, ikitegemea ni nani anauliza na kama kuna tetesi za kufurushwa. Kwa hivyo mwanasiasa akikurushia moja ya hizo nambari kama silaha, muulize ilipatikanaje.

7/ Watu hawa hawakukaa tu wakingoja kuhesabiwa. Mwaka 2006 wazee walikutana Nessuit, kaunti ya leo ya Nakuru, wakasaidia kutengeneza mfano wa ardhi yao wenye milima na mabonde. Waliweka majina ya mito na maeneo ya koo kama wanavyoyajua wao. Hiyo ni data, na wanaojua inamaanisha nini ni wenyewe.

8/ Je, sheria inailinda? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtu binafsi. Ramani ya ukoo mzima ni ya nani? Hapo sheria iko kimya. Sheria ya 2016 ya maarifa ya jadi inatambua jamii kama mmiliki, na hiyo ni hatua. Lakini haigusi takwimu za sensa wala orodha za nani ni mkaazi wa msitu.

9/ Na usidhani hili ni jambo la "watu wa msituni" pekee. Januari 2020, kwenye kesi ya Huduma Namba, Mahakama Kuu ilizuia serikali kukusanya DNA na mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti. Miongoni mwa walioenda kortini ni Wanubi, jamii iliyochoka kuhojiwa mara mbili mbili ikitafuta kitambulisho. Ushindi huo unakulinda wewe pia.

10/ Najua mtauliza: kila jamii ikishika data yake, si tutazidisha ukabila? Swali la haki kabisa. Baada ya 2007/08, orodha za makabila lazima zitutie wasiwasi. Lakini wanachodai si kufungia nchi nje. Wanataka waulizwe kabla, waone kilichoandikwa, wakirekebishe kikiwa na makosa, na wajue kimepelekewa nani. Mataifa ya Asilia ya Kanada yaliweka kanuni kama hizo 1998. Wasan wa Afrika Kusini wakatoa maadili yao kwa watafiti 2017.

11/ Kwa nini sasa? Kwa sababu huwezi kutoa hatimiliki ya jamii bila orodha ya wanajamii. Kuna mtu ataiandika hiyo orodha. Ikiandikwa ofisini bila wazee, majina ya wageni wenye pesa yataingia na ya wenyewe yataachwa nje. Hukumu itakuwa imetekelezwa kwenye karatasi, na msitu umeenda.

12/ Kwa hivyo mgombea yeyote akisimama jukwaani na kuuliza "kwani ni wangapi?", mjibu na swali: kwa daftari la nani? Na wenyewe wameliona?

Mwisho wa uzi. Kama unatoka Mau na nimekosea mahali, nirekebishe hapa chini. Hiyo ndiyo maana yenyewe.