Njahi, Nyanya na Daftari la Tonge

Njahi ni aina ya maharagwe; ni nyeusi, na ina mstari mweupe pembeni. Sokoni Karatina hupimwa kwa gorogoro, na mteja wake wa tangu zamani ni nyumba yenye mtoto mchanga. Huko Nyeri na kwenye miteremko ya Kirinyaga, aliyejifungua alilishwa njahi na ndizi, nyanya wakimsimamia. Kunenepa kulionyesha ametunzwa.

Mwaka 1931 watafiti Orr na Gilks walichapisha utafiti juu ya mlo wa Wakikuyu na Wamaasai. Walipima urefu na uzito. Moyo wa mlaji hawakuugusa.

Ilikuwa 2004 ndipo daktari wa akili Frank Njenga na mwenzake walipoandika kuhusu anoreksia nchini Kenya, maradhi ya kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa.

Tiba ya anoreksia kwa vijana ilijaribiwa katika hospitali ya Maudsley, London, na matokeo yakatoka 1987: wazazi hushika usukani wa mlo, bila lawama, kisha kijana hurudishiwa sahani yake. Nyanya wa Karatina wasingeshangaa sana. Kwa watu wazima, Christopher Fairburn wa Oxford alijenga tiba ya mazungumzo: kula kwa saa maalumu, kuandika kila tonge daftarini papo hapo, na kupunguza kujipima kwenye mizani hadi mara moja kwa wiki.