Karema, Chimbuko la Kanisa la Ufipa

Mwanafunzi wa Ufipa akiulizwa kanisa kuu la jimbo lake li wapi, hujibu mara moja: Sumbawanga. Ajibu vema. Lakini makao ya askofu yalihamishiwa huko mwaka 1969 tu, na kabla ya hapo jimbo lenyewe liliitwa Karema. Basi twaona yafaa walimu wenzetu waijue habari ya Karema, kwa maana katekisimu haiitaji.

Karema haiko juu uwandani. Iko chini, kando ya ziwa Tanganyika. Wala nyumba yake ya kwanza haikujengwa kwa ajili ya sala. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alitumwa na chama cha Mfalme Leopold II akajenga boma pale, liwe kituo cha wasafiri. Wenzake kadhaa walimfuata. Mmoja wao, Kapteni Ramaeckers, alifia papo hapo mwaka 1882. Boma lilijengwa karibu na maji, lakini ziwa likalikimbia: mto Lukuga, ulio ng'ambo ya magharibi, uliokuwa umezibwa kwa mchanga na majani, ulifumuka miaka ileile, maji yakashuka, na boma likaachwa mbali na ufuko. Mwaka 1885 mfalme, aliyekwisha kuipata Kongo kwa njia ya bahari ya magharibi, hakuihitaji tena njia ya Unguja. Boma likakabidhiwa kwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie. Ndivyo kuta zilizojengwa kwa bunduki zilivyopata kengele.

Wakristo wa kwanza wa pale, wengi wao hawakuwa Wafipa. Walikuwa watoto waliokamatwa na wafanya biashara ya watumwa, ambao mapadre waliwatoa mikononi mwao kwa nguo na ushanga, wakawalea misioni. Hapa twaomba msomaji asimame kidogo penye neno moja. Sisi twafundisha "Mkombozi" kila siku, na mtoto hulikariri kama jina tu. Lakini kukomboa, katika Kiswahili cha zamani, ni kulipa mali ili kitu kilichowekwa rehani, au mtu aliyefungwa, kipate kutoka. Mtoto wa Karema hakuhitaji kuelezwa neno hilo: aliyajua mafundo ya nguo yaliyotolewa kwa ajili yake. Wako wanaosema kwamba mtoto aliyenunuliwa hakuwa na hiari ya kuikataa dini ya aliyemnunua. Hoja hiyo ni nzito, wala hatuoni kuwa yajibiwa kwa kutaja wema wa mapadre peke yake. Lakini yafaa pia kutazama waliokombolewa walifanya nini walipokuwa watu wazima.

Tumtazame Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, Afrika ya magharibi, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa, akakombolewa na mapadre huko Algeria. Wakampeleka Malta kujifunza uganga wa kizungu. Alifika Karema kabla ya mwaka 1890, akawa mganga na katekista kwa zaidi ya miaka sitini, hata alipofariki mwaka 1956. Hakuwa padre, hakuwa Mzungu, wala hakuwa mzaliwa wa nchi hii. Mgeni huyo aliishi Karema kuliko maaskofu wote aliowahudumia; kwa maoni yetu, atakayeandika habari za kanisa lile aanze naye kabla ya kuanza na maaskofu.

Juu uwandani dini ilipanda baadaye. Askofu Adolphe Lechaptois alishika uongozi mwaka 1891, na katika siku zake misioni zikafunguliwa Zimba, upande wa Rukwa, na Kate na Mwazye, katika nchi ya Wafipa wenyewe. Yeye ndiye aliyeandika kwa Kifaransa kitabu juu ya watu wa kandokando ya ziwa, kilichotoka mwaka 1913. Alifariki mwaka 1917.

Jimbo lilipohamia Sumbawanga, askofu alikuwa Charles Msakila. Karema ikabaki parokia. Mwaka 2000 jimbo la Mpanda likaundwa, na Karema ikawa yake. Mwaka 2012 mkoa wa Katavi ukakatwa kutoka Rukwa, Karema ikaenda nao. Kwa hiyo Mkristo wa Sumbawanga atakaye kulizuru chimbuko la jimbo lake, hana budi kuvuka kwanza mpaka wa jimbo, na wa mkoa pia.