Cheni ya pikipiki: vumbi la Nakuru, chumvi ya Pwani

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Riziki ndiyo iliyonileta huku Nakuru, bara, na huu ni mwaka wa tisa naishi mtaa wa Bondeni na kuendesha bodaboda. Vijana wetu wengi huko nyumbani, kuanzia Likoni hadi Malindi, nao wanakula kwa pikipiki, kwa hivyo leo nataka tuzungumze kuhusu kitu ambacho hatukitazami mpaka kitukatikie: cheni.

Mwaka wangu wa pili huku nilikuwa nateremka upande wa Subukia, nimembeba mama mmoja na mwanawe. Cheni ilikuwa imelia wiki nzima, nami nikijiambia nitaishughulikia Jumapili. Ikakatika. Ilijikunja mbele, kwenye spoketi ndogo ya injini, tairi la nyuma likagoma kuzunguka, tukaanguka kando ya barabara. Mungu alitunusuru, tulitoka na michubuko tu. Lakini cheni ilikuwa imepasua kifuniko cha injini na oili yote ikamwagika. Pikipiki ilikuwa ya mkopo. Siku kumi na mbili sikufanya kazi, na deni halikunisubiri. Yote hayo kwa sababu ya kazi ya dakika ishirini.

Kwa nini cheni huharibika

Nakuru ni mji mkubwa, ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini ukitoka lami tu unakutana na vumbi la udongo wa volkano. Mliotazama mbio za Safari Rally kule Naivasha mmeona magari yakizama katika vumbi laini kama unga. Vumbi hilo likichanganyika na oili huwa kama msasa, likaingia ndani ya cheni na kula chuma kidogo kidogo. Ukipanda Molo na Mau Narok, mvua inakuongezea matope.

Huko kwetu adui ni mwengine: chumvi. Upepo wa bahari hutosha kuishikisha kutu cheni iliyokauka, hata kama pikipiki imelala uani. Mchanga wa ufuoni nao humaliza kazi. Adui ni wawili, lakini dawa ni moja.

Pikipiki nyingi za boda, za cc 100 hadi 150, hutumia cheni ya saizi 428. Kila kiungo kina pini, kijiti kinachoizunguka, na rola ya nje inayogusa meno ya spoketi. Muundo huu si wa jana. Hans Renold aliupatia hataza huko Manchester mwaka 1880. Mahali panapolika hasa ni baina ya pini na kijiti chake, na hapo ndipo oili inapotakiwa kufika. Cheni inayong'aa mafuta kwa nje na ndani imekauka ni sawa na jahazi lililopakwa rangi huku mbao zinaoza. Wazee wetu walikipaka chombo sifa juu na deheni chini, kila mahali na dawa yake.

Kusafisha, hatua kwa hatua

Kwanza, zima injini na utoe ufunguo. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, weka gia kwenye nyutro, na uzungushe tairi kwa mkono. Nasisitiza jambo hili. Vijana wengi huwasha injini, wakatia gia ya kwanza, kisha wakashika kitambaa kwenye cheni inayozunguka ili kazi iende haraka. Kitambaa kikinaswa, kinaenda na kidole mpaka kwenye meno ya spoketi. Kidole hakiuzwi dukani.

Pili, tia mafuta ya taa kidogo kwenye kopo, chukua mswaki wa zamani, usugue cheni pande zote nne: juu, chini na ubavu mbili. Sugua na spoketi ya nyuma. Usitumie petroli: ni hatari ya moto, na kama cheni yako ina vipete vya mpira baina ya viungo, petroli huvikausha vikapasuka. Usisugue kwa brashi ya waya kwa sababu hiyo hiyo. Mashine ya maji ya nguvu nayo isielekezwe kwenye cheni, husukuma maji na mchanga ndani.

Tatu, futa kwa kitambaa kikavu, kisha uiache ikauke kabisa. Oili juu ya cheni iliyolowa hufungia maji ndani.

Kutia oili

Oili ya gia, ile nzito ya namba 90, inafaa sana, na dawa ya kupuliza ya cheni ni nzuri pia ukiipata. Tia tone kwa tone upande wa ndani wa cheni, ule unaogusa spoketi, kwenye sehemu ya chini, huku ukizungusha tairi polepole kwa mkono. Cheni inapokwenda kasi, oili hutupwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hivyo ukitia nje inarukia kwenye suruali yako. Mizunguko miwili au mitatu yatosha. Ngoja kidogo, kisha futa iliyozidi, kwani iliyozidi ndiyo inayokusanya vumbi.

Wakati mzuri ni jioni baada ya kazi, cheni ikiwa bado na joto, ili oili ipenye na kutulia usiku kucha.

Oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ambayo wengi huitumia kwa kuwa ni ya bure, imebeba chembe za chuma na masizi. Unalisha cheni uchafu. Grisi nayo hukaa nje tu na kushika mchanga.

Mara ngapi? Mimi natia oili kila kilomita 500, na kila baada ya mvua au matope. Ukienda kilomita 100 kwa siku, hiyo ni kila siku ya tano. Ninyi mlio karibu na bahari msingoje kilomita; mkiona wekundu wa kutu, muda umeshapita.

Kukaza na kupima

Shika cheni katikati ya sehemu ya chini, isukume juu na chini. Kwa pikipiki nyingi mchezo hutakiwa kuwa milimita 20 hadi 30, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Pima mahali kadhaa huku ukizungusha tairi, na ufuate pale penye kukaza zaidi. Cheni iliyokazwa mno huua beringi, tena ukipakia abiria inazidi kukaza. Ukivuta tairi nyuma, hakikisha alama za pande zote mbili za ekseli ziko sawa, kaza nati vizuri, kisha jaribu breki ya nyuma, maana nayo hubadilika tairi linaposogea.

Kujua kama cheni imechoka, inyooshe upime pini 21, yaani viungo 20. Cheni mpya ya 428 hupata milimita 254. Ikifika 259, haina maisha tena. Tazama na meno ya spoketi: yakichongoka na kulala upande kama ndoana, badilisha cheni na spoketi zote mbili pamoja, kwa sababu spoketi mbovu hula cheni mpya upesi.

Ukifunga cheni kwa kiungo chenye klipu, upande wa klipu uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda. Ukiigeuza, inaweza kuchomoka njiani.

La mwisho

Mafundi wengine huking'oa kifuniko cha cheni eti kinapiga kelele. Kirudisheni. Mama zetu na dada zetu hupanda na buibui na leso, na nguo ikinaswa kwenye cheni, pikipiki haisimami kwa ukelele. Kabla hujaondoka, mwambie abiria akusanye nguo yake, nawe geuka utazame.

Yule mama wa Subukia bado ni mteja wangu. Kila akitaka kupanda huinama kwanza akaitazama cheni, kisha ndipo akapanda. Sikasiriki. Ana haki.