Biskuti za Nini?

Kiswahili kina desturi nzuri ya kuita chakula kwa namna kilivyotengenezwa au kwa kilichotiwa ndani. Mkate wa kumimina humiminwa, na anayesikia jina anajua mara moja kwamba unga wake ni wa majimaji, haukandwi. Mkate wa ufuta una ufuta. Mkate wa mayai hauhitaji hamira, kwa kuwa mayai yaliyopigwa hadi kujaa povu ndiyo yanayouinua. Chapati ya kusukuma na chapati za maji hachanganyi mtu aliyewahi kusimama jikoni. Hiyo “-a” fupi katikati ya majina mawili imebeba nusu ya mapishi, na mpishi asiyejua kusoma hufika nayo mbali.

Ndiyo maana jina “biskuti zenye protini nyingi”, ambalo sasa limeenea katika mapishi na kwenye pakiti za dukani, linanikera kila nikilisikia. Halisemi biskuti ni za nini. Linasema zina kitu, na kwamba kitu hicho ni kingi. Kingi kuliko nini?

Nalifikiria swali hili nikiwa na Mabogini akilini. Kata hii iko tambarare, kusini mwa mji wa Moshi, chini kabisa ya mteremko wa Kilimanjaro. Hapa ndipo penye skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, inayonywa maji ya mto Rau na ya chemchemi za Njoro. Ni nchi ya mpunga. Mtu wa hapa hahitaji kufundishwa istilahi za nafaka yake: ana mpunga na mchele, ana pumba, ana chenga, yaani ule mchele uliokatikakatika mashineni na kuuzwa bei ya chini. Chenga zina thamani yake. Zikilowekwa na kusagwa ni vitumbua. Pwani unga wa mchele hufanywa vileja, vile vibiskuti vya samli na iliki vinavyovunjika mdomoni kabla hujaviuma sawasawa. Kwa hiyo anayetaka kuoka biskuti Mabogini ana unga mlangoni. Sukari nayo ni jirani, maana mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC yako upande huohuo wa tambarare. Kinachokosekana katika mchele na sukari ndicho hicho tunachokitafutia jina: gramu 100 za mchele zina protini gramu 7 hivi, na sukari haina kabisa.

Neno “protini” lina umri wa chini ya miaka 200. Mwaka 1838 mkemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, alimpendekezea neno hilo mwenzake wa Uholanzi, Gerardus Johannes Mulder, akilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kushika nafasi ya kwanza. Ni neno la kusifu. Linasema kitu hiki ni kikubwa, halisemi kinafanya nini. Kamusi zetu zina pia “utomwili”, na nawaheshimu waliolitunga, kwa sababu walitaka mzizi wa nyumbani. Lakini mpishi akisikia “uto” hufikiria mafuta yanayokamuliwa, na biskuti yenye mafuta mengi ni jambo lingine kabisa, tena, kama tutakavyoona, ni jambo linalopingana na hili. Neno halikushika, wala sidhani kosa ni la wasemaji.

Kilichoshika kilitoka darasani. Watoto wa shule za msingi Tanzania wamefundishwa miaka na miaka kwamba kuna vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. “Vya kujenga mwili” ni istilahi kamili. Ina ile “-a”, ina kitenzi, na inakueleza kwa nini mtoto anayekua na mama anayenyonyesha huanza kuhesabiwa kabla ya baba. Wachaga wa Kilimanjaro walilijua jambo lenyewe bila neno la Kigiriki. Mzazi alipewa mlaso, mchanganyiko wa damu na maziwa, na kiburu kiliweka ndizi na maharage katika chungu kimoja. Makande nayo yaliweka mahindi na maharage katika sufuria moja. Wanakemia walikuja kueleza baadaye kwamba nafaka ina upungufu wa lisini na mikunde ina upungufu wa methionini, hivyo kila moja huziba pengo la mwenzake. Lisini na methionini ni asidi amino, zile sehemu ndogo zinazoungana kuwa protini.

Upande wa ukosefu tuna maneno makali zaidi. “Unyafuzi” ni la kwetu. “Kwashakoo” limesafiri kutoka lugha ya Kiga ya Ghana, ambako daktari Cicely Williams alilichukua na kuliingiza katika maandishi ya kitabibu mwaka 1935. Kwa Waga ulikuwa ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa, yaani anaposogezwa kutoka ziwani. Wenye lugha walikuwa wametaja lini na kwa nini. Kisha kuna “kubemenda”. Likitamkwa juu ya mtoto aliyedhoofu, lawama huwaangukia wazazi, hasa mama, kwamba wamevunja mwiko kitandani. Neno hilo limewafanya akina mama wamfiche mtoto ambaye angepaswa kupelekwa hospitali. Leo madaktari hawasemi tena kwamba kwashakoo ni upungufu wa protini peke yake, na mtoto aliyevimba miguu hatibiwi kwa biskuti. Hilo nalisema wazi kwa sababu jina zuri kwenye pakiti linaweza kumdanganya mtu mwenye hofu.

Turudi kwenye “nyingi”. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2006, ulikataa kuliacha neno hilo lielee: chakula kiitwe chenye protini nyingi ikiwa angalau asilimia 20 ya nishati yake inatoka kwenye protini, na kiitwe chanzo cha protini ikiwa ni asilimia 12. Tukitumie kipimo hicho kwa biskuti za nyumbani. Chukua unga wa ngano gramu 150, unga wa soya gramu 100, karanga zilizosagwa gramu 50, mayai mawili, sukari gramu 60 na siagi gramu 60. Protini inafika gramu 76 hivi. Kila gramu ya protini hutoa kilokalori 4, basi ni kilokalori 304 kati ya jumla ya takriban 2,080. Hiyo ni karibu asilimia 15. Ni chanzo kizuri, lakini “nyingi” bado. Punguza sukari na siagi kwa nusu, unapanda hadi asilimia 17. Halafu geuza vipimo vya unga, soya iwe gramu 150 na ngano 100, ndipo unapoigusa 20. Kinachoirudisha biskuti nyuma ni mafuta na sukari, kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9. Unaweza kuongeza soya upendavyo, lakini siagi ikiongezeka pamoja nayo, jina linabaki uongo.

Hata soya yenyewe inadai maneno sahihi. “Unga wa soya” ni jina pungufu. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya cha kumeng'enya protini utumboni, kwa hiyo ukiisaga mbichi protini inakuwamo ndani ya unga na mwili haufaidiki nayo ipasavyo. Wanaotengeneza unga wa lishe wanalijua hili. Soya hutiwa kwenye maji yanayochemka, huachwa zichemke, humenywa maganda, huanikwa, hukaangwa, ndipo zikasagwe, na ile harufu ya maharage mabichi huondoka humohumo. Muuzaji wa soko la Mbuyuni mjini Moshi akikwambia “soya ya kukaanga”, amekupa habari ambayo neno “protini” haliwezi kukupa.

Na kuoka je? Kitenzi hiki ni cha zamani, cha muhogo na ndizi kwenye moto, kabla ya oveni. Nyumba nyingi bado zinaoka kwa sufuria kubwa yenye mchanga, sufuria ndogo ndani yake, na makaa juu ya mfuniko. Kuhamisha makaa hayo huitwa kupalia, kitenzi kilekile cha kuondoa magugu shambani, na Mabogini wanakifahamu kwa maana zote mbili. Jicho linatakiwa hapa kuliko saa, kwani biskuti za soya huiva rangi upesi kupita za ngano tupu. Mwaka 1912 Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza kwa nini: sukari na asidi amino zikikutana kwenye joto hujenga ile kahawia na harufu yake tamu. Lakini lisini ndiyo inayotumika zaidi katika kazi hiyo. Kuiva rangi ni jambo moja, kubabuka ni jingine, na kila hatua kuelekea kubabuka inapunguza kilekile ulichokinunulia soya. Kiswahili kina maneno mawili tofauti, na mpishi anayeyatenganisha analinda chakula chake.

Limebaki neno “lishe”. Nalipenda kwa asili yake: kula, kulisha, lishe. Anayelitamka amemtaja mlaji na amemtaja pia anayemlisha. Serikali ililiweka kwenye jina la Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973, na limeshuka hadi kwenye kila ndoo ya unga sokoni. Hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi, maana sasa limebandikwa hata kwenye unga wa mahindi uliotiwa konzi moja ya karanga. “Unga wa lishe” unaeleza nia ya muuzaji. Kilichomo ndani ni lazima uulize.

Kwa hiyo zile biskuti zilizofikia asilimia 20 ningeziandikia kopo namna hii: Biskuti za soya ya kukaanga, karanga na mayai. Zikitoka 20 katika vipimo vile, kila moja ina protini gramu nne na ushee.