Upasuaji wa Kupunguza Uzito na Inflamesheni: Miaka Sabini ya Kujifunza

Upasuaji wa kupunguza uzito ulianza kwa lengo moja tu: kuuzuia mwili wa mtu mnene usipate chakula kupita kiasi. Ilichukua takriban nusu karne kubainika kwamba unagusa pia inflamesheni, yaani hali ya kinga ya mwili kuamka na kupambana. Inflamesheni ya jeraha huja na wekundu, joto, uvimbe na maumivu, kisha hutulia kidonda kinapopona. Ile inayoletwa na unene haina kelele. Hudumu miaka mingi ikidhoofisha mishipa ya damu, ini na uwezo wa mwili kuitumia insulini.

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, tatizo hili halina umri mrefu. Katika karne ya 19, Ujiji, mji wa mwambao huo, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Watu wake waliishi kwa muhogo, mahindi, ndizi, maharage, mawese, dagaa na migebuka, na kazi zao zilikuwa za jasho: kulima, kupiga makasia, kubeba mizigo. Reli ya Kati ilipofika Kigoma, jirani na Ujiji, mwaka 1914, bidhaa za viwandani kutoka pwani zilipata njia ya haraka zaidi.

Madaktari wawili waliofanya kazi Uganda, Hugh Trowell na Denis Burkitt, waliona kwamba unene, kisukari na maradhi ya moyo vilikuwa haba kwa Waafrika wa vijijini, na walihusisha hali hiyo na vyakula visivyokobolewa vyenye nyuzinyuzi nyingi. Kitabu walichohariri pamoja kilitoka mwaka 1981. Miaka iliyofuata mambo yaligeuka. Tafiti za kitaifa za afya zilionyesha kuwa wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi waliongezeka kutoka asilimia 11 mwaka 1991–92 hadi asilimia 28 mwaka 2015–16.

Taarifa ya mapema ya upasuaji wenyewe ilitoka Marekani. Mwaka 1954 Arnold Kremen na wenzake wa Minnesota walichapisha taarifa ya kuruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, ili chakula kisifyonzwe chote. Wagonjwa wa upasuaji wa aina hiyo walipungua uzito, lakini wengi walilipa gharama kubwa. Kipande cha utumbo kilichobaki bila kupitisha chakula kilijaa bakteria, na kinga ya mwili ikachachamaa: viungo viliuma, ngozi ikatoka vipele, na ini la baadhi yao likafeli. Upasuaji uliopunguza mafuta ulikuwa umezaa inflamesheni mpya. Kufikia miaka ya 1980 njia hiyo ilikuwa imeachwa.

Edward Mason wa Iowa alikuwa ameonyesha njia nyingine miaka ya 1960: kutenga sehemu ndogo ya tumbo na kuiunganisha na utumbo. Baadaye ikaja njia ya kuondoa sehemu kubwa ya tumbo na kuacha mfereji mwembamba, na tangu miaka ya 1990 kazi hiyo ikawezekana kwa kamera na matundu madogo.

Jibu la jinsi unene unavyoleta inflamesheni lilitoka maabara. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman walionyesha kuwa mafuta ya wanyama wanene hutoa TNF-alfa, kemikali ya kinga inayozuia kazi ya insulini. Mwaka 2003 tafiti mbili zilibainisha kwamba mafuta hayo hujaa makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu na seli zilizokufa. Mafuta yakaacha kuonekana kama ghala tu la akiba.

Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa, akiwemo Karine Clément, walichunguza mafuta ya wagonjwa kabla ya upasuaji na miezi mitatu baadaye. Makrofaji walikuwa wamepungua. Vipimo vya damu husimulia jambo hilohilo: protini ya CRP, inayotengenezwa na ini, hupanda siku za mwanzo kwa sababu ya jeraha, kisha hushuka kwa miezi kadiri mafuta yanavyoyeyuka. Homoni za utumbo, nyongo na bakteria wa tumboni nao hubadilika, na hii ni sababu mojawapo ya sukari ya wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili kuanza kushuka kabla uzito haujapungua sana. Hata hivyo, uzito ukirudi, faida hizo huweza kupotea. Mgonjwa huhitaji pia kufuatiliwa maisha yote, maana madini ya chuma na vitamini B12 huweza kupungua mwilini.

Tanzania iliingia katika historia hii hivi karibuni. Mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kuweka puto tumboni kwa watu wenye uzito mkubwa, njia isiyohitaji kisu, na baadaye ikaongeza upasuaji. Kwa mkazi wa Kigoma, huduma hiyo iko Dar es Salaam, mwisho wa pili wa reli ya zaidi ya kilomita 1,200, na kila ziara ya ufuatiliaji ni safari nyingine. Kwa hiyo kupima uzito, shinikizo la damu na sukari mapema, katika zahanati au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, kuna thamani kubwa: inflamesheni ya unene hupungua uzito unaposhuka, hata kwa chakula bora na mazoezi, na kuizuia tangu mwanzo hakudai kisu wala safari.