Furu wa Ziwa Victoria: Jina Moja, Aina Mamia

Samaki wadogo ambao wavuvi wa Mwanza huwaita furu, Waluo huwaita fulu, na Waganda nkejje. Jina ni moja katika kila lugha, lakini wataalamu wamehesabu chini ya jina hilo aina zaidi ya 500, na karibu zote hazikupata kuonekana penginepo duniani. Wengine walikula mwani, wengine konokono, wengine wadudu, wengine mabaki yaliyotua chini. Hata ikawa hapana chakula ziwani kisicho na mlaji wake.

Michael Graham, aliyelichunguza ziwa hilo katika miaka ya 1927 na 1928, alionya kwamba kuleta samaki mgeni alaye wenzake ni hatari. Geoffrey Fryer alirudia onyo hilo mwaka 1960. Hawakusikilizwa. Machoni pa waliotawala uvuvi, furu walikuwa samaki duni wasio na bei, na ilionekana afadhali wageuzwe chakula cha samaki mkubwa. Basi sangara akatiwa ziwani katika miaka ya 1950, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kwa muda wa miaka 20 na zaidi badiliko lilikuwa dogo. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara waliongezeka ghafula, na furu, ambao hapo kwanza walikuwa yapata asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini, wakakaribia kwisha. Inakadiriwa kuwa aina 200 hivi zilitoweka.

Kosa si la sangara peke yake. Rutuba iliyochukuliwa na maji kutoka mashambani na mijini ilizidisha mwani. Nao walaji wa mwani walikuwa wamepungua. Mwani ukafa, ukaoza, ukamaliza oksijeni ya maji ya kina. Sangara naye, alipokosa furu, alikula uduvi, dagaa, na hata watoto wake mwenyewe.

Hapana shaka biashara ya minofu ilileta fedha nyingi. Lakini uvuvi wa ziwa zima ukawa unategemea samaki watatu: sangara, dagaa na sato. Tangu miaka ya 1990, sangara walipovuliwa sana, baadhi ya furu wamerudi, wala si aina zote.

Jina furu lilimtosha mnunuzi sokoni. Halikumtosha mwenye kuamua mambo ya ziwa, kwani aliyewahesabu furu kuwa samaki mmoja alidhani anatoa kafara kitu kimoja tu.