Kufia Penye Upepo: Majengo ya Tiba Shufaa kutoka Ocean Road hadi Rongai

Mgonjwa wa saratani anayeishi Ongata Rongai na kutibiwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta hupanda matatu, akaifuata Barabara ya Magadi hadi Bomas, akaingia Lang'ata na foleni yake. Jioni hurudi kwenye ghorofa lenye ngazi nyembamba na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Siku dawa za kuponya zikishindwa, chumba hicho ndicho kinachokuwa wodi yake. Historia ya tiba shufaa Afrika Mashariki, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kwa kawaida husimuliwa kwa majina ya madaktari na ya dawa. Kuta na madirisha yana sehemu yake pia.

Kabla ardhi ya Kajiado, kaunti ilimo Rongai, haijakatwa ploti za futi 50 kwa 100, nyumba ya upande huu ilikuwa enkaji ya Wamaasai, na fundi wake alikuwa mwanamke. Alichimbia fito, akazisuka kwa vijiti vya leleshwa, akajaza nyasi, kisha akakandika kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Mlango aliupindisha ili upepo usiingie moja kwa moja. Ndani mlikuwa na joto, giza na moshi. Wanaosifu kila cha asili wakumbuke moshi huo, kwa sababu mapafu ya mgonjwa hayauwezi. Hata hivyo, kutoka kitandani hadi nje zilikuwa hatua chache tu, na nje palikuwa na boma zima: ndama, watoto, wazee kivulini. Asiyeweza kutembea aliweza kubebwa akaote jua la asubuhi na bado akajua nani amepita.

Sheria ya ranchi za vikundi ya mwaka 1968 iliipa jamii hati za pamoja. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi hizo, Kitengela ikiwemo, ziligawanywa kwa mtu mmoja mmoja, na wanunuzi kutoka Nairobi hawakukawia. Kilichofuata kila msomaji wa Rongai anakijua: ghorofa limebanana na ghorofa, na maji yanakuja kwa lori.

Pwani mambo yalikuwa na mkondo wake. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, mbele ya bahari, ikiwa na dari za juu na mabaraza mapana. Hapakuwa na feni za umeme; ramani ya jengo yenyewe ndiyo iliyoleta ubaridi. Kasoro ilikuwa kwingine: upepo huo ulitengewa Wazungu. Mwafrika na Mhindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Leo jengo la Wajerumani ni sehemu ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyopata hadhi hiyo mwaka 1996, na Mtanzania yeyote anaweza kukaa barazani pale. 

Hospisi za kisasa, yaani vituo vya tiba shufaa, zilianza na Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's mjini London mwaka 1967. Kenya ilipata Nairobi Hospice mwaka 1990, katika uwanja wa Hospitali ya Kenyatta. Hii haikuwa nyumba ya kulaza watu: wagonjwa huja mchana, na wauguzi huwafuata majumbani. Daktari Anne Merriman, aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza wa tiba, alivuka kwenda Kampala na mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda kwa mtindo huohuo, akitegemea mofini ya kunywa iliyokorogwa kutoka unga. Uamuzi wa kuwafuata wagonjwa majumbani ulikuwa wa busara. Kitanda ni ghali, na watu wengi hutaka kufia kwao. Lakini ulichukulia kwamba huko kwao pana uwanja, mti na jirani. Kijijini ni kweli. Katika chumba kimoja cha ghorofa ya nne, Rongai, si kweli.

Kwamba kinachoonekana dirishani kina uzito, ushahidi upo. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo huko Pennsylvania. Wale ambao dirisha lao liliangalia miti walitoka hospitalini mapema na kutumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao walioangalia ukuta wa matofali. Jirani yetu Rwanda alilichukua somo hilo kwa vitendo. Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, ilifunguliwa mwaka 2011, nayo kituo cha saratani kikafuata mwaka 2012. Wasanifu wa MASS Design Group walivipanga vitanda katikati ya wodi, migongo ikielekeana kwenye ukuta mfupi, ili kila mgonjwa atazame nje, vilimani. Njia za kupitia ziliwekwa nje, hewa chafu isikwame ndani. Kuta ni za mawe ya volkano ambayo wakulima wa huko waliyaona kero shambani. Waashi wa kijijini waliyachonga hadi yakakaa bila pengo.

Kajiado haikosi mafundi. Ng'ambo ya korongo la Mbagathi, Nani Croze alianzisha Kitengela Glass mwaka 1979, na vioo vilivyotupwa vikageuzwa madirisha ya rangi na kuta za mozaiki. Ardhi ndiyo yenye masharti. Udongo mweusi wa Kitengela huvimba masika na kupasuka kiangazi, kwa hiyo msingi hauna budi kufika kwenye mwamba. Visima vingi vina floraidi nyingi. Paa pana na tangi la mvua ni lazima. Baridi ya Julai inataka ukuta mnene na jua la asubuhi. Na upande wa kaskazini ipo Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, mandhari ambayo hakuna hospitali inayoweza kuyanunua.

Kwa maoni yangu, Rongai haihitaji jumba la hospisi la orofa tano. Inahitaji nyumba ya chini, isiyo na ngazi, yenye vitanda vichache, baraza la kutosha kitanda kutokezwa nje, na nafasi ya jamaa kulala na kupika. Serikali ya Kaunti ya Kajiado itenge ekari mbili au tatu kando ya mbuga sasa, kabla nazo hazijapigwa vigingi vya ploti.